Miaka Yangu ya Kukanda Farasi, na Mguu wa Njugu

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia ndicho kilichostaafu kwanza. Mimi nilikifuata tu. Kilianza kwa kugoma asubuhi za baridi, kisha kikagoma hata jua likiwaka, na mwishowe nikawa siwezi kubonyeza bega la farasi bila kuuma meno. Mkandaji asiye na kidole gumba ni kama fundi viatu asiye na sindano. Anaweza kukaa kibandani siku nzima, lakini viatu havishoneki.

Mliniaga vizuri hapo mazizini, nashukuru. Chai ilikuwa nzito, na keki mliyoagiza Kawangware ilikuwa tamu, ingawa yule mpambaji hakuwa amewahi kuona farasi na akatuchorea punda. Nilikula masikio yake bila kinyongo. Siku hiyo Faith, ambaye sasa ndiye ameachiwa kreti yangu ya kusimamia, aliniambia, "Mama Aggy, si utuandikie hiyo story yote kabla usahau?" Basi nimekaa hapa ghorofani Soweto East, magoti yangu yakipumzika kutoka kwenye ngazi, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara nyote mnaujua.

Sikuja kwenye mazizi kutafuta farasi. Nilikuja kutafuta wanunuzi wa chapati. Wakati huo nilikuwa nakaa mtaa wa Mashimoni, nimetoka kwetu upande wa Kakamega na mume na watoto wawili, na kila asubuhi nilipanda kwa miguu hadi Ngong Road nikiwa na jiko, karai na unga. Masaisi, yaani wale wanaume wanaolisha na kutunza farasi, walikuwa wateja wazuri. Mtu aliyebeba samadi tangu alfajiri haulizi kama chapati ni nyembamba.

Aliyenitoa kwenye chapati ni Bi. Chelagat. Yeye ndiye aliyekuwa akikanda farasi pale, mwanamke mrefu wa Eldoret, mchache wa maneno, aliyefundishwa kazi hiyo na wageni kwenye shamba moja la farasi na kisha akajifundisha zaidi mwenyewe. Alikuja kununua chapati mbili akabaki amesimama, akiangalia mikono yangu ndani ya karai. Nilidhani ameona nzi.

"Unakanda polepole," akasema.

"Nikikimbia, unga unakuwa mgumu."

"Unaweza kukanda kitu kinachopumua?"

Nilimwambia nimekanda watoto wangu wawili na migongo ya wajawazito kijijini, kwa sababu nyanya yangu alikuwa mkunga na mimi ndiye nilikuwa namshikia mafuta. Akamaliza kutafuna, akasema, "Kesho uje bila jiko." Hiyo ndiyo ilikuwa interviu yangu. Nyinyi mlijaza karatasi ngapi?

Kesho yake nilikuja bila jiko, na pia bila ujasiri. Farasi ukimwona kutoka barabarani ni mzuri. Ukisimama chini ya kidevu chake, ni nyumba yenye macho. Mimi ni mfupi, mnanijua, na mgongo wa farasi wa kwanza niliyepewa ulikuwa juu ya kichwa changu. Bi. Chelagat akanipa kreti ya soda ya kusimamia, ile nyekundu, na nimeisimamia mpaka juzi. Watu huuliza vifaa vya kazi yetu ni vipi. Ni kreti, ndoo, taulo, kitana cha mpira cha kutoa vumbi, na kucha fupi. Bangili vua, pete vua. Mafuta usilete, maana manyoya yakishika mafuta yanashika vumbi lote la Nairobi, na saisi atakuchukia mwezi mzima.

Siku za mwanzo hakuniruhusu kubonyeza chochote. Aling'oa unywele mmoja wa mkia, akaulaza mezani, akaufunika kwa ukurasa wa gazeti, akaniambia nifumbe macho nimwonyeshe ulipo. Nilipoupata, akaongeza ukurasa wa pili. Halafu wa tatu. Nilikuwa nikirudi nyumbani vidole vinawasha, nasinzia na gazeti mapajani, mume wangu akidhani nimeanza kufuatilia siasa. Lakini ndivyo vidole vilivyofunguka. Ukiweza kuusikia unywele chini ya karatasi, utausikia msuli ulioshikana chini ya ngozi kabla haujamlemaza mwenyewe.

Baada ya unywele ilikuja chaki. Alimchukua farasi mmoja mzee mweusi, mpole kama kasisi, akamchora mistari myeupe kutoka nyuma ya masikio hadi kwenye kwato, na kwenye mistari hiyo akaweka nukta. Hizo ndizo sehemu za kubonyeza. Hii hapa nyuma ya sikio hutuliza. Hii kati ya bega na shingo hufungua mguu wa mbele. Hizi mbili karibu na mkia, ukizishika vizuri, farasi hushusha kichwa kama mtu aliyesikia habari njema. Nilizikariri zote, halafu mvua ikanyesha, farasi akaoshwa, na ikabidi nizikariri upya bila chaki. Alifanya makusudi, nina hakika. Aliona mawingu.

Kuna sheria zake mbili ambazo naziandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Ya kwanza: msalimie saisi kabla hujamsalimia farasi. Farasi ana mwenyewe aliyemnunua, ndiyo, lakini mazizini farasi ni wa saisi wake, na ukimgusa bila kuomba umeingia nyumba ya mtu bila hodi. Ya pili: mguu wenye moto, usikande. Ukishika mahali ukakuta pana joto kuliko upande wa pili, toa mkono, ita daktari. Mikono yetu ni ya misuli iliyochoka. Si ya kitu kilichochanika.

Mutua aliajiriwa kuwa saisi nikiwa nimeshaanza kufanya kazi peke yangu, Bi. Chelagat akiwa amerudi kwao Eldoret kulea wajukuu na, nasikia, kukanda ng'ombe wa majirani. Mutua alikuwa kijana wa Kitui, mwenye mke na watoto wawili, na kwa bahati walikuja kupanga Mashimoni, mlango wao ukitazamana na wangu. Alikuwa mchapakazi. Alikuwa pia na haraka. Siku ya kwanza alinishikia kamba nikimkanda farasi mmoja wa kahawia, na farasi akaanza kupiga miayo. Sasa, farasi anayepiga miayo chini ya mikono yako amekupa medali. Ina maana misuli imeachia. Mutua akamzaba kofi la shingo.

"Unampigia nini?" nikauliza.

"Mathe, huyu analala kazini!"

Ilinibidi nishuke kwenye kreti nicheke kwanza. Tangu siku hiyo masaisi wakawa wanamwuliza kila asubuhi kama farasi wake wameamka. Alivumilia. Utani wa mazizini ukiukwepa unakufuata hadi nyumbani, ukiukaribisha unachoka mapema.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na dume mmoja aliyehasiwa, mwekundu, aliyemng'ata kila mtu aliyemfunga tandiko. Walimwita mchawi. Mimi nilipitisha mkono mgongoni, nikakuta mahali pamoja chini ya tandiko ambapo ngozi ilirukaruka nikiigusa kidogo tu, kama ya mtu anayetekenywa asiyetaka. Nikamwomba mwenye farasi alete tandiko tuligeuze. Ubao wa ndani ulikuwa umevunjika, umechomoza. Hata mimi ningeng'ata. Tandiko likatengenezwa, nikamkanda kwa wiki kadhaa, na uchawi ukamtoka bila maombi ya mtu yeyote.

Na punda wa Kawangware, nani atawasahau? Kulikuwa na watu wema waliotaka punda wa mikokoteni waangaliwe afya, daktari akiwapa dawa ya minyoo, na mimi nikaombwa nije nionyeshe wenye punda namna ya kukanda mabega baada ya kazi. Nilisimama katikati ya mikokoteni ya mitungi ya maji nikaanza kueleza. Mzee mmoja akanisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Mama, huyu punda atakandwa. Na mimi ninayesukuma mkokoteni kutoka nyuma, unanikanda saa ngapi?" Watu walicheka hadi punda wakashtuka. Nilimwonyesha mkewe nukta mbili za mabegani, nao baadaye waliniambia ndoa imekuwa nzuri. Punda sijui.

Nyumbani pia haikuwa rahisi. Mashimoni ilipojulikana kwamba nakanda farasi wa matajiri, kila mgongo wa plotini ulikuja mlangoni kwangu. Marehemu mume wangu alisema anaomba na yeye aote kwato. Nilimkanda, jamani. Alikuwa mnung'unikaji tu.

Lakini Faith, najua unachosubiri. Unataka Njugu.

Njugu alikuwa farasi jike, rangi ya njugu karanga zilizokaangwa, mwepesi wa miguu na mwepesi wa hasira. Alikuwa wa Madam Njeri, mjane aliyeachiwa farasi wanne na mumewe na kuwapenda kuliko alivyotarajia. Saisi wake alikuwa Mutua. Niseme wazi: Mutua alimpenda yule farasi. Alikuwa anamwimbia kwa Kikamba akimpiga brashi, na Njugu, ambaye alikuwa akilaza masikio nyuma kwa kila mtu mwingine, kwake aliyasimamisha.

Siku moja ya mazoezi alirudi akichechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nyuma ya mguu, chini ya goti, kuna mshipa mgumu kama kamba, ambao daktari huuita kano. Niliushika, nikausikia moto, nikatoa mkono. Daktari Otieno, yule wa wanyama, akaja na mashine yake ya kupiga picha, akaangalia kwa utulivu, akasema kano limeumia lakini halijakatika. Dawa yake ilikuwa ya kuchosha kuliko ngumu: apumzike zizini, na mguu umwagiwe maji baridi ya bomba, muda mrefu, asubuhi, mchana na jioni. "Baridi, Mutua," akasema. "Baridi kabisa." Mutua akaitikia.

Mimi nikapewa kazi ya sehemu nyingine. Farasi akiumia mguu mmoja, mwingine hubeba mzigo wa wawili, na mgongo hukaza. Kwa hiyo nilikuwa nakanda bega la kulia na mgongo, na mguu wenyewe siugusi.

Siku zilipita, na uvimbe haukushuka. Ulipanda. Daktari akaja tena, akashika, akakunja uso, akasema tuendelee hivyohivyo. Alipokuja mara ya tatu mguu ulikuwa umenenepa kama wa meza, na Njugu alikuwa hataki hata kuusimamisha chini. Madam Njeri alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mkoba mkononi kama mtu aliye hospitalini.

"Daktari, anaumwa sana?"

"Anaumwa, Madam. Sitakudanganya."

"Mimi siwezi kumweka akiteseka. Tumpe mpaka Ijumaa. Kama hakuna mabadiliko, uje na sindano."

Nyote mnajua sindano hiyo ni ipi. Mutua alikuwa ameshika kamba. Yeye alikuwa anapoteza Njugu, na alijua pia kwamba Madam akibaki na farasi watatu, saisi mmoja ni wa ziada. Na mimi, mwenye mikono iliyosifiwa hadi Kawangware, sikuwa na la kufanya zaidi ya kukanda bega lisilo na kosa. Nilirudi nyumbani siku hiyo na hasira nisiyojua nimpe nani.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida. Nikamkanda Njugu bega, nikashuka kwenye kreti, na nikiwa nimeinama kuokota taulo macho yangu yakawa sawasawa na ule mguu mbaya. Manyoya ya chini ya goti yalikuwa yamekauka, yamesimama, na kwenye ncha yalikuwa na weupe kidogo. Nikapitisha kidole, nikaweka kwenye ulimi. Chumvi.

Jasho la farasi lina chumvi, ndiyo. Lakini farasi aliyesimama zizini wiki kadhaa hawezi kutoka jasho mguu mmoja, tena chini ya goti peke yake. Nikatoka nje. Mlango wa stoo ya chakula ulikuwa wazi, na ndani, nyuma ya magunia, nikakuta jiko bado lina makaa mekundu na sufuria inayotoa mvuke. Kando yake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri na pakiti ya chumvi.

Mutua aliingia akanikuta nimesimama pale. Hakukimbia. Alikaa juu ya gunia.

"Unamkanda na maji moto," nikasema.

"Mathe, wacha nikuambie." Akavua kofia. "Mimi nikiwa mdogo nilianguka kwa mwembe, mguu ikavimba hivi. Mamangu alinikanda na maji moto na chumvi asubuhi na jioni. Nikatembea. Nilimpigia simu nikamuuliza, akaniambia nifanye hivyo, nisikose hata siku moja."

"Na maji ya bomba? Daktari alisema nini?"

"Maji baridi, mathe? Kwa mguu mgonjwa? Asubuhi na baridi hii ya Julai?" Alinitazama kama aliyetaka nimsaidie kushangaa. "Si itamwingia kwa mifupa! Nilikuwa namwaga kwa sakafu, ndio wakikuja waone ni wet."

Sasa mnaweza kumcheka. Mimi sikucheka. Nani kati yetu, kutoka Kitui hadi Kakamega, hakukandwa kwa maji moto alipoteguka? Nani hakuambiwa na mamake kwamba baridi huingia kwenye mifupa ikakaa humo mpaka uzee? Nyanya yangu mwenyewe angechemsha maji yale na kuongeza majani juu. Bi. Chelagat asingeniwekea ile sheria ya moto kichwani, ningekuwa nimemshikia Mutua sufuria. Na kwa teguko la zamani, maji moto si mabaya. Lakini kwa kano bichi, kila asubuhi alikuwa anamwongezea moto juu ya moto, na tena anausugua, kwa mapenzi yake yote.

Nilimweleza. Nikamrudisha zizini, nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye mguu mzima, kisha kwenye mgonjwa. "Unasikia tofauti? Hiyo ni moto. Wewe unaweka kuni."

Alirudi stoo, akakaa tena juu ya gunia. Kisha akalia. Mtu mzima akilia juu ya gunia la pumba, huna pa kuangalia. Niliangalia sufuria.

"Basi tuanze baridi leo," akasema akijipangusa. "Si lazima wajue. Tuanze tu, mathe. Tafadhali. Madam akijua, mimi nimeenda."

Nilitamani sana kusema sawa. Alikuwa jirani yangu, watoto wake walikuwa wakila kwangu mkewe akichelewa sokoni. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na mguu uliopikwa kwa wiki kadhaa haupoi kwa siku mbili. Daktari angekuja, angeushika, angeukuta vilevile, na angefanya alichoombwa kufanya. Wasingejua kwamba dawa yenyewe haijajaribiwa hata siku moja.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," nikamwambia. "Ukinyamaza, unaweza kubaki na kazi. Njugu habaki."

"Utawaambia wewe?"

"Nitasimama karibu nawe. Maneno ni yako."

Mutua mwenyewe ndiye aliyempigia Madam Njeri simu, na Madam akaja kabla ya chai ya saa nne, na Daktari Otieno nyuma yake. Mutua alisimama mbele ya zizi akaeleza yote: mamake, chumvi, sufuria, maji ya sakafuni. Hakuacha kitu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyoahidi.

Daktari ndiye aliyeongea kwanza. Akapumua kwa nguvu. "Nilikuwa nashangaa," akasema. "Picha ya kano ilikuwa inaonyesha kitu kidogo, na uvimbe ni mkubwa hivi. Nimekosa usingizi nikidhani mashine yangu imeharibika." Kisha akatikisa kichwa. "Mutua, hata mamangu Siaya angefanya hivyo. Angeongeza tu na maombi."

Madam Njeri hakucheka. Alimtazama Mutua mpaka mimi nikaanza kuhesabu misumari ya mlango ili nisimtazame yeye.

"Ulitaka apone?"

"Ndiyo, Madam."

"Ulinidanganya?"

"Ndiyo, Madam."

Akageukia Daktari. "Sindano ingojee. Tuanze upya." Kisha akamrudia Mutua. "Na wewe, nikipata hiyo sakafu imeoshwa tena badala ya farasi, utaondoka na ndoo yako."

Hivyo ndivyo tulivyoanza upya. Njugu hakuyapenda maji baridi hata kidogo. Alirusha mguu, akalaza masikio, akamtazama Mutua kama mtu aliyesalitiwa. Siku ya pili nilimkuta Mutua amevua gambuti na soksi, amekunja suruali, amesimama kwenye maji pamoja naye, bomba likimwagika juu ya mguu wa farasi na miguu yake yote miwili, meno yakigongana. Nikamwuliza anafanya nini.

"Mathe, siwezi kumwekea kitu mimi mwenyewe sijaonja."

Alifanya hivyo kila mara, Julai yote, na baridi haikumwingia kwenye mifupa. Labda ilimwogopa. Na polepole, jamani polepole, uvimbe ukaanza kupungua. Kwanza mpaka wa mshipa ukaonekana upande mmoja. Kisha ngozi ikalegea. Mimi niliendelea na bega na mgongo, nikishika ile nukta ya nyuma ya sikio wakati wa maji ili atulie. Kuna asubuhi Mutua aliniita tu, "Mathe, gusa," na nikachuchumaa, nikaweka mkono huku, nikaweka kule. Miguu yote miwili ilikuwa na joto moja. Nilikaa chini pale pale kwenye maji, na sikuona haya.

Kupoa si kupona, na Daktari alitukumbusha hilo kila alipokuja. Ilifuata miezi ya kutembezwa kwa kamba, dakika chache, kisha chache zaidi. Halafu ikaja siku ya kumjaribu. Njugu alitakiwa akimbie mwendo mdogo kwenye ile njia ngumu kati ya mazizi na geti, Mutua akikimbia kando yake ameshika kamba. Tulisimama watatu: Madam, Daktari na mimi. Kwenye ardhi ngumu, kwato hazijui kusema uongo. Farasi mchechemeaji hupiga mdundo wenye pengo, na hata asiye na macho atalisikia. Mimi niliyafumba yangu.

Walikwenda. Walirudi. Mdundo ulikuwa sawa, kwenda na kurudi, sawa kabisa.

"Hatakimbia mashindano tena," Daktari akasema. "Lakini huyu ana miaka mingi ya kubeba watoto wanaojifunza kupanda. Mguu uko sawa."

Madam Njeri aligeuka akaangalia upande wa barabara, akatafuta leso kwenye mkoba, asiipate. Nilimpa taulo langu la kazi, lenye manyoya na vumbi, naye akalitumia bila kuliangalia. Akamwambia Mutua, "Mrudishe ndani, akale." Mutua aliegemea shingo ya Njugu, uso ndani ya manyoya, na Njugu akasimama tuli.

Katika kazi yangu yote, sina siku niliyofurahi kuliko hiyo. Na mguu wenyewe sikuukanda hata mara moja.

Madam alipoondoka, Mutua akatoa simu. Aliiweka kwa sauti kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba, na nikasikia simu ikiita mbali, Kitui, kisha kuku, kisha sauti ya mama mzee ikisalimia. Waliongea Kikamba kwanza. Kisha mama, aliposikia mimi niko hapo, akabadilisha kuwa Kiswahili, ili na mgeni aelewe.

"Huyo mnyama ametembea?"

"Ametembea, mama. Amekimbia hata."

"Si nilikuambia?" Alicheka kwa raha ya mtu ambaye maombi yake yamesikika. "Maji moto na chumvi! Ulimkanda kila siku vile nilisema?"

Mutua akanitazama. Daktari Otieno, aliyekuwa bado anafunga begi lake mlangoni mwa zizi, naye akasimama. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa mazizi, na nilijua jibu sahihi ni lipi. Nikafikiria yule mama, peke yake na kuku wake, akiamka kila asubuhi akijua mwanawe yuko Nairobi anafanya alichomfundisha.

Nikamwinamia Mutua sikioni, nikamwambia, "Mwambie asante."